Seewoosagur Ramgoolam: Ahadi ya uvuvi iliyogeuka deni

MNAMO Machi 18, 2015, jopo la wasuluhishi watano wa kimataifa liliamua kwamba Uingereza ilikiuka sheria ya bahari ilipotangaza hifadhi kubwa ya baharini kuzunguka visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari Hindi, bila kuzijali ipasavyo haki za Mauritius.

Nchi ndogo ilikuwa imeibwaga dola kubwa, na silaha yake haikuwa manowari wala fedha. Ilikuwa ni ahadi chache zilizoandikwa katika kumbukumbu za mkutano wa Septemba 1965, mojawapo ikihusu haki ya kuvua samaki.

Aliyezidai ahadi hizo, Sir Seewoosagur Ramgoolam, alikuwa amefariki karibu miaka 30 kabla ya uamuzi huo. Nchini mwake huitwa baba wa taifa, na jina lake limo katika uwanja wa ndege ambao wageni wengi huingilia kisiwani humo.

Hata hivyo, yeye ndiye pia kiongozi aliyekubali Chagos imegwe kutoka kwa Mauritius ili nchi yake ipate uhuru. Haiwezekani kuusimulia upande mmoja wa maisha yake na kuuacha wa pili.

Mwana wa nyapara

Ramgoolam alizaliwa Septemba 18, 1900 katika kijiji cha Belle Rive, wilaya ya Flacq, mashariki mwa Mauritius. Baba yake, Moheeth, alikuwa ametoka Bihar nchini India, akiwa mmoja wa maelfu ya vibarua wa mkataba walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa baada ya utumwa kukomeshwa. Baadaye alipandishwa cheo akawa nyapara.

Mtoto huyo alionja machungu mapema. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka saba. Alipokuwa na miaka 12 alipata ajali katika zizi la ng'ombe na kupoteza jicho moja. Ulemavu huo haukumzuia kusoma, na hatimaye alifika katika shule mashuhuri ya Royal College, mjini Curepipe.

Mwaka 1921 alisafiri hadi London kusomea udaktari katika chuo cha University College. Alikaa huko miaka 14. Mbali na masomo, aliingia katika duru za wasoshalisti wa Fabian na za Wahindi waliokuwa wakidai uhuru wa nchi yao. Huko alijifunza jambo ambalo lingemwongoza maisha yake yote, kwamba dola kubwa huweza kusukumwa kwa hoja, kwa subira na kwa karatasi.

Aliporejea nyumbani mwaka 1935 alikuta kisiwa kikitawaliwa na wachache wenye mashamba na viwanda vya sukari. Miaka miwili baadaye, mwaka 1937, ghasia zilizuka mashambani na wafanyakazi wakapigwa risasi. Daktari huyo kijana aliona kwamba dawa pekee haingeponya maradhi ya nchi.

Mwaka 1940 alishiriki kuanzisha gazeti la Advance, na mwaka huo huo akateuliwa kuwa mwanachama wa baraza la kutunga sheria. Mwaka 1948, haki ya kupiga kura ilipopanuliwa ikawafikia wote waliojua kusoma na kuandika, alichaguliwa na wananchi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa kiongozi wa chama cha Labour. Alifanywa Waziri Kiongozi mwaka 1961, kisha Waziri Mkuu wa serikali ya ndani. Mwaka 1965 Malkia wa Uingereza akamtunuku cheo cha Sir.

Ndipo macho ya mataifa makubwa yalipoangukia visiwa ambavyo watu wengi wa Mauritius wenyewe hawakuwahi kuviona.

Visiwa vilivyotamaniwa

Chagos iko umbali wa takriban kilomita 2,200 kaskazini mashariki mwa Mauritius. Ni visiwa vidogo vidogo vya matumbawe, kikubwa zaidi kikiwa Diego Garcia chenye ukubwa wa kilomita 27 za mraba hivi. Tangu enzi ya Wafaransa, na baadaye Waingereza walioichukua Mauritius rasmi kwa mkataba wa Paris wa 1814, visiwa hivyo vilitawaliwa kutoka Port Louis.

Wakazi wake wengi walikuwa wazao wa watumwa waliotolewa Madagascar na Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya minazi. Vizazi vilipita, wakawa jamii yenye lahaja yake ya Krioli, makanisa yake, makaburi yake na vyombo vyake vya uvuvi. Walikausha mbata, walifuga kuku na nguruwe, na bahari iliwapa kitoweo cha kila siku.

Katika miaka ya mwanzo ya 1960 Marekani ilitafuta mahali pa kuweka kambi ya kijeshi katika Bahari Hindi. Makoloni yalikuwa yakipata uhuru mmoja baada ya mwingine, na wakuu wa jeshi la wanamaji walihofu kwamba serikali mpya za Afrika na Asia zingewafukuza. Walitaka kisiwa kidogo, kilicho mbali, chenye watu wachache, na kilicho chini ya mshirika asiyeondoka. Diego Garcia, yenye ghuba pana iliyokingwa na ardhi karibu pande zote, ilitimiza masharti hayo.

Uingereza nayo ilikuwa na maslahi yake. Gharama za kulinda himaya zilikuwa zimeielemea, na ilihitaji msaada wa Marekani. Baadaye ilibainika kwamba Marekani iliipunguzia Uingereza dola milioni 14 katika ununuzi wa makombora ya Polaris ya nyambizi, na makubaliano hayo yakafichwa kwa bunge la nchi zote mbili.

Kilichobaki kilikuwa kumshawishi Ramgoolam.

Hapo awali yeye na mawaziri wenzake walikataa visiwa kumegwa. Katika mashauriano ya Julai 1965 walisema wako tayari kuwapa Waingereza na Wamarekani nafasi ya kujenga kambi, ila kwa kukodisha kwa muda mrefu, kwa mfano miaka 99, huku ardhi ikibaki mali ya Mauritius. Walitaka pia Marekani inunue sukari yao kwa wingi zaidi. London haikulikubali ombi la kukodisha.

Asubuhi ya Septemba 23

Mkutano wa katiba ya Mauritius ulifanyika Septemba 1965 katika jumba la Lancaster House, London, pale pale ambapo viongozi wa Kenya walikuwa wameketi miaka michache awali kujadili uhuru wao. Wakenya wa kizazi hicho waliyajua mazingira ya jumba hilo: mazungumzo rasmi huwa ukumbini, lakini mambo mazito huamuliwa kwenye vyumba vya pembeni.

Asubuhi ya Septemba 23, Ramgoolam alikwenda kumwona Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, katika ofisi yake ya Downing Street. Kabla ya mkutano huo, Wilson alikuwa amepewa waraka na msaidizi wake ukimshauri amtie mgeni hofu na matumaini kwa pamoja: matumaini kwamba uhuru utapatikana, na hofu kwamba huenda usipatikane iwapo hatakuwa mwelewa kuhusu Chagos.

Wilson alifuata ushauri huo. Alimweleza mgeni wake kwamba angeweza kurudi nyumbani na uhuru au bila uhuru, na kwamba Uingereza ilikuwa na uwezo wa kisheria wa kuvimega visiwa hivyo hata bila ridhaa ya Mauritius.

Kwa Ramgoolam tishio hilo halikuwa dogo. Nyumbani, upinzani ulioongozwa na chama cha PMSD ulipinga uhuru kamili na ulikuwa na wafuasi wengi. Kuchelewa kungeweza kumaanisha kura ya maoni ambayo hakuwa na hakika ya kuishinda. Alasiri ya siku hiyo, katika kikao na Waziri wa Makoloni, Anthony Greenwood, yeye na wenzake walikubali kimsingi visiwa vimegwe.

Lakini hakukubali mikono mitupu. Mauritius iliahidiwa pauni milioni 3 za fidia, mbali na gharama za kuwapa makazi mapya watu watakaohamishwa. Kisha, katika siku hizo hizo, Ramgoolam alichukua karatasi yenye nembo ya hoteli aliyofikia jijini London na kuandika kwa mkono mambo aliyotaka yaingizwe katika kumbukumbu za kikao. Miongoni mwake kulikuwa na haki za uvuvi na faida ya madini au mafuta yoyote ambayo yangegunduliwa ndani au karibu na visiwa hivyo.

Kumbukumbu za mwisho zilikuwa na ahadi tatu zenye uzito. Haki za uvuvi zingebaki kwa Mauritius kwa kadiri itakavyowezekana. Visiwa vingerudishwa siku ambayo havitahitajika tena kwa ulinzi. Na faida ya madini na mafuta ingekuwa ya Mauritius.

Kwa maafisa wa Uingereza, hayo yalionekana kuwa makombo ya kumridhisha mgeni ili mkutano umalizike. Hakuna aliyedhani kwamba miaka 50 baadaye mawakili wangeyachambua neno kwa neno.

Novemba 5, baraza la mawaziri mjini Port Louis likaidhinisha makubaliano. Siku tatu baadaye, Novemba 8, 1965, Uingereza ikaunda koloni jipya lililoitwa Himaya ya Uingereza katika Bahari Hindi. Mwezi uliofuata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuitaka Uingereza isiimege Mauritius. Azimio hilo lilipuuzwa.

Uhuru na bei yake

Agosti 1967 Ramgoolam na washirika wake walishinda uchaguzi kwa asilimia 55 hivi ya kura, na Machi 12, 1968 bendera ya Mauritius ikapandishwa.

Kama kiongozi wa nchi huru, alifanya mengi yanayokumbukwa kwa shukrani. Wataalamu wengi waliitabiria Mauritius njaa na vurugu, kwa kuwa ilitegemea sukari peke yake na idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka kwa kasi. Serikali yake ilianzisha maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje kuanzia 1970, ikajipatia soko la uhakika la sukari Ulaya kupitia Mkataba wa Lome wa 1975, na kufikia 1977 elimu ya sekondari ikatolewa bila malipo. Mwaka 1973 Umoja wa Mataifa ulimtunuku tuzo ya haki za binadamu, na mwaka 1976 aliongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU).

Si kila jambo lilikuwa la kusifiwa. Alitangaza hali ya hatari mwaka 1971, na uchaguzi uliotarajiwa 1972 haukufanyika hadi 1976.

Doa lililo zito zaidi ni la watu wa Chagos. Kati ya 1967 na 1973, wakazi wote wa visiwa hivyo, ambao idadi yao hukadiriwa kuwa kati ya 1,500 na 2,000, waliondolewa. Waliokuwa wamesafiri kwenda Mauritius kwa matibabu walizuiwa kurudi. Waliobaki walipunguziwa chakula kwa kuwa meli za mahitaji zilikuja kwa nadra. Mwaka 1971 mbwa wao wakauawa kwa gesi, na watu wakapakiwa melini kupelekwa Mauritius na Ushelisheli.

Wengi waliachwa bandarini Port Louis bila nyumba wala kazi, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na uhaba wa ajira. Waliishia kwenye vitongoji maskini vya jiji. Mwaka 1972 Uingereza ilikubali kuipa serikali ya Ramgoolam pauni 650,000 za kuwasaidia, lakini miaka kadhaa ikapita kabla ya fedha hizo kuwafikia wenyewe.

Hakuna aliyewauliza Wachagos lolote mwaka 1965. Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Ila katika kisa hiki fahali hawakupigana. Walikubaliana, na nyasi zikaumia vile vile.

Jambo hilo lilimwandama Ramgoolam uzeeni. Chama kipya cha MMM cha Paul Bérenger kilimshutumu kwamba aliuza ardhi ya nchi. Yeye alijitetea kwamba hakuona njia ya kukataa, na kwamba kati ya visiwa vya mbali na uhuru wa taifa zima alichagua uhuru. Oktoba 9, 1980 alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na kutaka koloni hilo la Uingereza livunjwe na Chagos irudishwe kwa Mauritius. Miezi michache awali, mkutano wa OAU mjini Freetown ulikuwa umetoa wito kama huo.

Katika uchaguzi wa Juni 1982 alibwagwa vibaya. Upinzani ulitwaa viti vyote 60 vya kisiwa kikuu. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa Gavana Mkuu, wadhifa aliokuwa nao hadi alipoaga dunia Desemba 15, 1985. Bustani maarufu ya Pamplemousses, mahali mwili wake ulipochomwa kwa desturi ya Kihindu, inaitwa kwa jina lake.

Hifadhi yenye mikono mingi

Robo karne baada ya kifo chake, Chagos ilirudi katika vichwa vya habari kwa njia ambayo hakuitarajia. Aprili 1, 2010, Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Uingereza, David Miliband, alitangaza kwamba takriban kilomita 640,000 za mraba za bahari kuzunguka visiwa hivyo zingekuwa hifadhi, na uvuvi wa kibiashara ungepigwa marufuku kabisa. Wakati huo hapakuwa na hifadhi ya aina hiyo iliyoipita kwa ukubwa duniani.

Thamani ya kimazingira ya eneo hilo haibishaniwi. Miamba yake ya matumbawe ni miongoni mwa iliyo safi zaidi katika Bahari Hindi. Kasa hutaga mayai katika fuo zake, ndege wa baharini huzaliana kwa maelfu, na jodari hupita humo katika safari zao za kila mwaka. Mashirika makubwa ya uhifadhi yaliunga mkono hatua hiyo kwa moyo mmoja.

Lakini mpaka wa hifadhi ulisema mengi. Kisiwa cha Diego Garcia, chenye kambi ya Marekani, pamoja na maji yaliyo karibu nacho, viliachwa nje. Wavuvi wa Mauritius, ambao kwa miaka mingi walipewa leseni bila malipo kwa sababu ya ahadi ya 1965, ndio waliofungiwa mlango. Wachagos nao walijiuliza wangewezaje kurudi kuishi katika visiwa ambavyo hawaruhusiwi kuuza samaki wa maji yake.

Desemba 2010 mtandao wa WikiLeaks ulifichua taarifa ya ubalozi wa Marekani jijini London ya mwaka uliotangulia. Ndani yake, afisa mmoja wa Uingereza aliripotiwa kuwaeleza Wamarekani kwamba hifadhi ingeyafanya madai ya wakazi wa zamani kurejea kuwa magumu sana kutekelezwa, na kwamba kambi haingeathiriwa. Serikali ya Uingereza ilikana kwamba hilo ndilo lililokuwa lengo. Mahakama za nchi hiyo, hadi Mahakama ya Juu mwaka 2018, hazikukubali kwamba uamuzi ulifanywa kwa nia hiyo.

Hata pasipo kuamua nia ya mtu, somo ni dhahiri. Mstari unaochorwa baharini kwa ajili ya kasa na matumbawe ni mstari wa mamlaka pia. Anayeuchora hutangaza kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kuuchora. Pwani ya Kenya, ambako mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, mwaka ule ule Mauritius ilipopata uhuru, mvuvi anajua kwamba swali la kwanza kuhusu hifadhi yoyote ni nani aliulizwa kabla ya kuwekwa.

Mauritius haikuulizwa ipasavyo. Waziri Mkuu wake mwaka 2010 alikuwa Navin Ramgoolam, mwanawe Sir Seewoosagur. Desemba 20, 2010 serikali yake ilifungua kesi chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari.

Karatasi zafufuka

Uingereza ilijitetea kwamba ahadi za 1965 zilikuwa maelewano ya kisiasa tu. Mauritius ilikuwa koloni, na koloni haliwezi kufunga mkataba wa kimataifa na dola inayolitawala.

Wasuluhishi hawakuridhika na hoja hiyo. Walisema kwamba Mauritius ilipopata uhuru mwaka 1968, maelewano hayo yaligeuka kuwa jambo la sheria ya kimataifa. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi baada ya uhuru Uingereza yenyewe iliendelea kuzirudia ahadi hizo, na Mauritius ikazitegemea. Aliyemfanya mwenzake aitegemee kauli yake hawezi kuigeuka atakapo.

Kwa hiyo ahadi za uvuvi, za kurudishwa kwa visiwa na za madini na mafuta zilikuwa na nguvu ya kisheria, na kutangaza hifadhi bila kuzipa uzito unaostahili kulikuwa kosa. Jopo hilo halikusema kwamba kuhifadhi bahari ni vibaya. Lilisema mhifadhi hana ruhusa ya kukanyaga haki za mwingine akiwa njiani kwenda kulinda samaki. Kuhusu nani mwenye visiwa, wasuluhishi watatu kati ya watano waliona kwamba hawakuwa na mamlaka ya kuamua.

Ahadi ni deni, na deni hilo lilizaa mengine. Mauritius ilipata ujasiri wa kwenda mbali zaidi. Septemba 2018 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizotoa hoja mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Februari 25, 2019 majaji 13 dhidi ya mmoja walitoa maoni kwamba Chagos ilimegwa kinyume cha sheria, kwa kuwa watu wa Mauritius hawakuridhia kwa hiari yao, na kwamba Uingereza inapaswa kuondoka haraka iwezekanavyo.

Maoni hayo yalimsafisha Ramgoolam kwa kiasi. Yalikubali kwamba ridhaa iliyotolewa na kiongozi wa koloni, mbele ya mtawala wake, si ridhaa huru. Mei 22, 2019 nchi 116 katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ziliunga mkono maoni hayo, sita tu zikipinga.

Mei 22, 2025, miaka sita kamili baadaye, Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba unaoitambua Chagos yote kuwa ya Mauritius. Utekelezaji wake uliendelea kuzua ubishi mkali katika siasa za Uingereza, na Wachagos wengi walilalamika kwamba, kama mwaka 1965, mazungumzo yalifanywa bila wao kuwa mezani. Mkataba huo unazungumzia pia hifadhi ya baharini, ila safari hii ni hifadhi ya Mauritius, na Uingereza ndiyo inayoahidi kusaidia.

Aliyetia saini kwa niaba ya Mauritius alikuwa Navin Ramgoolam, aliyerejea madarakani Novemba 2024. Chini ya mkataba huo, Uingereza itaendelea kutumia Diego Garcia kwa kuikodisha kwa miaka 99.

Ni idadi ile ile ya miaka ambayo baba yake na mawaziri wenzake waliitaja mwaka 1965, kabla ya kuambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani.